Bram Moolenaar

Bram Moolenaar (Lisse, Uholanzi, 1961 – 3 Agosti 2023) alikuwa mhandisi na mwandishi wa programu za kompyuta kutoka nchini Uholanzi. Anajulikana hasa kwa kutunga Vim, programu huria ya kuhariri maandishi inayofanya kazi ndani ya terminali. Aliitoa kwa umma mwaka 1991 na kuisimamia mwenyewe kwa zaidi ya miaka 30, hadi kifo chake.

Katika Afrika ya Mashariki jina lake lina uzito wa pekee. Mwaka 1994 aliishi Kibaale, kijiji cha kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akifanya kazi ya kujitolea. Tangu hapo aliwaomba wote walioitumia programu yake wawasaidie watoto yatima wa kijiji hicho badala ya kumlipa yeye. Ombi hilo limeonekana kwenye skrini za kompyuta duniani kote Vim inapofunguliwa bila faili, na kwa wanafunzi wengi wa Ulaya, Asia na Amerika ndiyo mara ya kwanza kuliona jina la Uganda likitajwa ndani ya kompyuta.

Maisha ya awali

Moolenaar alizaliwa Lisse, mji mdogo wa magharibi mwa Uholanzi unaojulikana kwa mashamba ya maua ya tulipu. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft akahitimu mwaka 1985. Baada ya chuo alifanya kazi kwa miaka kadhaa ya kuandika programu za mashine kubwa za kunakili nyaraka.

Kazi ile ilimpa mshahara. Jambo lililompa jina alilifanya nyumbani, baada ya saa za kazi, kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Vihariri kabla ya Vim

Ili kuelewa alichokifanya Moolenaar ni lazima kurudi nyuma kidogo. Siku hizi terminali ni dirisha tu kwenye skrini, mara nyingi jeusi, ambamo mtumiaji anaandika amri kwa kibodi bila kutumia kipanya. Zamani terminali ilikuwa kifaa kamili: kibodi na skrini vilivyounganishwa kwa waya au kwa simu na kompyuta kubwa iliyotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Maandishi yalisafiri polepole sana kati ya vifaa hivyo viwili. Modemu ya siku zile ilipitisha herufi 30 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kujaza skrini nzima kulichukua karibu dakika moja.

Katika hali hiyo, mwaka 1976, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley aitwaye Bill Joy aliandika kihariri kilichokuja kuitwa vi. Kwa kuwa kila herufi iliyotumwa iligharimu muda, Joy alizifanya amri zake ziwe fupi kadiri ilivyowezekana, nyingi zikiwa herufi moja tu. Terminali aliyoitumia, ADM-3A, haikuwa na vitufe vya mishale vya peke yake. Mishale ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l. Ndiyo maana mpaka leo mtumiaji wa vi anasogea kushoto kwa h, chini kwa j, juu kwa k na kulia kwa l. Wanaoanza hulishangaa jambo hili na kudhani ni ukaidi wa wataalamu, kumbe ni alama iliyobaki ya kibodi ya zamani. Hata kitufe cha Esc, ambacho leo kiko mbali pembeni, kwenye mashine ile kilikaa mahali pa karibu ambapo sasa pana kitufe cha Tab.

Programu ya vi ilienea pamoja na mfumo wa Unix katika vyuo na kampuni. Lakini ilifungwa na masharti ya leseni, na haikupatikana kwenye kompyuta ndogo za nyumbani.

Kutungwa kwa Vim

Mwaka 1988 Moolenaar alinunua Amiga, kompyuta ya nyumbani iliyotengenezwa na kampuni ya Commodore. Alikwisha kuzoea vi na hakutaka kuiacha, ila kwa Amiga haikuwapo. Alipata programu ndogo iliyoitwa Stevie, ambayo Tim Thompson aliiandika mwaka 1987 kwa kompyuta ya Atari ST kwa kuigiza vi, na wengine wakaihamishia Amiga. Ilikuwa na kasoro nyingi. Moolenaar alianza kuzirekebisha kwa matumizi yake mwenyewe, moja baada ya nyingine, na kila alipomaliza moja aliona nyingine.

Tarehe 2 Novemba 1991 toleo la 1.14 lilitoka kwa umma. Halikusambazwa kwa intaneti. Lilikuwa ndani ya disketi namba 591 ya mkusanyo wa Fred Fish, Mmarekani aliyekusanya programu huria za Amiga na kuzigawa kwa njia ya disketi. Wakati huo herufi za jina Vim zilimaanisha kwamba ni mwigo wa vi. Mwaka 1992 programu ilihamishiwa Unix, yaani ilifika nyumbani kwa vi yenyewe, na ikawa dhahiri kwamba mwigo umempita aliyeigwa. Maana ya jina ikabadilishwa: herufi zilibaki zilezile lakini sasa zilisomeka kuwa ni vi iliyoboreshwa. Toleo la 2.0 la Desemba 1993 ndilo la kwanza kutoka kwa maana hiyo mpya.

Tofauti moja yatosha kuonyesha ubora wake. Katika vi mtumiaji aliweza kutendua kosa moja tu, lile la mwisho. Katika Vim aliweza kurudi nyuma hatua kwa hatua, kosa baada ya kosa. Kwa mtu anayeandika ukurasa mzima huku akijifunza, hilo ni jambo kubwa.

Mwaka wa Kibaale

Wakati Vim inaanza kupata watumiaji, mwaka 1994, Moolenaar aliondoka Uholanzi kwenda Uganda kufanya kazi ya kujitolea kwa mwaka mmoja katika kituo cha watoto cha Kibaale. Kibaale hii iko katika eneo la Rakai, magharibi ya Ziwa Viktoria, na isichanganywe na wilaya ya Kibaale iliyoko magharibi mwa Uganda.

Rakai ilikuwa imepigwa vibaya kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Uganda walitambuliwa mwaka 1982 huko Kasensero, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa katika eneo hilohilo. Mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walipatikana upande wa pili wa mpaka, mkoani Kagera. Katika maelezo aliyoyaambatanisha na programu yake, Moolenaar alikadiria kwamba katika Rakai yenye wakazi 350,000 watoto wapatao 60,000 walikuwa wamempoteza mzazi mmoja au wote wawili. Watu wengi ni wakulima, na chakula kipo. Waliokosekana ni wazazi wa kulea, na pesa za shule na dawa. Msomaji wa Njombe haitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa 2011–2012 uliukuta mkoa huo na kiwango cha VVU cha asilimia 14.8 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, kikubwa kuliko mikoa yote ya Tanzania. Bibi anayelea wajukuu watano peke yake anafahamika Rakai, Bukoba, Uwemba na Makambako vilevile.

Kituo cha Kibaale kiliwapa watoto chakula, matibabu na elimu. Kilijengwa juu ya msingi wa Kikristo lakini kilipokea watoto wa dini yoyote. Moolenaar hakwenda kule kufundisha kompyuta. Alishughulika na maji na usafi wa mazingira, na alisaidia kupanua majengo ya kituo.

Aliporudi kwao alishiriki kuendesha mfuko wa hisani uitwao ICCF Holland kwa ajili ya kituo hicho. Wafadhili walichangia kwa mara moja au walichukua mtoto mmoja mmoja na kumlipia masomo. Kazi ya Uholanzi ilifanywa na watu wa kujitolea ili fedha zifike Uganda bila kukatwakatwa njiani. Alirudi Kibaale mara kadhaa kuangalia maendeleo, akaandika taarifa za ziara hizo ili waliochangia waone pesa zao zimefanya nini. Huko Kanada wafadhili walipokelewa na shirika la mjini Surrey linaloitwa Kuwasha, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa.

Programu ya hisani

Moolenaar angeweza kuiuza Vim. Angeweza pia kuigawa bure bila neno, kama wengi walivyofanya. Alichagua njia ya tatu. Leseni ya Vim inamruhusu kila mtu kuitumia na kuinakili bila malipo na bila kikomo, kisha inamhimiza atoe mchango kwa watoto wa Uganda. Hakuna anayelazimishwa na hakuna sehemu ya programu iliyofungwa kwa asiyechangia.

Anayeandika vim kwenye terminali bila kutaja faili huona skrini tupu yenye mistari michache katikati: jina la programu, toleo, mtungaji, na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Wakati wa Moolenaar ombi hilo lilimwelekeza kuandika :help iccf ili kusoma zaidi, na ukurasa uliofunguka ulihifadhiwa katika faili liitwalo uganda.txt. Baadaye uliongezwa mpango wa watumiaji kujiandikisha kwa kuchangia, na waliochangia walipiga kura kuhusu maboresho ambayo wangependa yafanywe. Fedha za mpango huo nazo zilikwenda Kibaale.

Kwa kuwa Vim imo katika karibu matoleo yote ya Linux na katika kompyuta za Apple, ombi hilo limefika kwenye maabara, benki na vituo vya seva ambako hakuna mchangishaji angeruhusiwa kuingia na kikapu.

Namna Vim inavyotumika

Kwenye Ubuntu na Debian programu huwekwa kwa amri sudo apt install vim. Ni ndogo, inafanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu ambazo shule nyingi hupewa kama msaada, na haihitaji intaneti baada ya kuwekwa, kwani kitabu chote cha maelezo kimo ndani yake na husomwa kwa :help. Mara nyingi huja na somo la kujifundisha linaloanzishwa kwa amri vimtutor, ambalo huchukua nusu saa hivi. Anayeanza asiliruke. Wengi wanaoichukia Vim ni wale walioingia bila somo hilo wakashindwa kutoka.

Sababu ya kushindwa ni moja. Katika vihariri vingine kila kitufe kinaandika herufi yake. Katika Vim kitufe kina maana kulingana na hali ambayo programu imo. Inapofunguka huwa katika hali ya kawaida, ambamo herufi ni amri: x hufuta herufi moja, dd huondoa mstari mzima, yy huunakili, p huubandika, na u hutendua. Ili kuandika maneno mtumiaji hubonyeza i, na hapo ndipo herufi huwa herufi. Akimaliza anabonyeza Esc kurudi hali ya kawaida. Kisha :w huhifadhi faili, :q hutoka, :wq hufanya yote mawili, na :q! hutoka bila kuhifadhi mabadiliko. Ipo pia hali ya kuchagua, inayoanza kwa v, ambayo huonyesha kwa rangi sehemu ya maandishi itakayoguswa na amri.

Nguvu yake iko katika kuunganisha amri kama maneno ya sentensi. Herufi d ni kitenzi cha kufuta na w ni neno, kwa hiyo dw hufuta neno, na d3w hufuta maneno matatu. Badala ya d mtu akiweka c, anafuta na kuanza kuandika papo hapo. Aliyejifunza vitenzi kumi na nomino kumi hapati amri ishirini, bali mia moja, na hapo ndipo kazi ya kusahihisha inapokuwa nyepesi.

Mapendeleo ya mtumiaji huandikwa katika faili la .vimrc lililo katika saraka yake ya nyumbani. Mistari miwili ya set number na syntax on humpa namba za mistari na rangi za kutofautisha sehemu za msimbo. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2006 Vim hukagua pia tahajia, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zilizotengenezewa faili la maneno: mtu akiandika :set spell spelllang=sw, programu hujitolea kulipakua faili hilo likiwa halipo, kisha huyapigia alama maneno isiyoyatambua. Kwa lugha yenye viambishi kama yetu itatia alama hata kwenye maneno mengi yaliyo sahihi, lakini ni mwanzo.

Kuna jambo jingine linalowafaa watu wa huku. Wakati mtu anaandika, Vim huweka nakala ya pembeni kwenye diski kila baada ya herufi 200 au mikono inapotulia kwa sekunde nne. Umeme ukikatika ghafla, na faili likafunguliwa tena baadaye, programu huonya kwamba kuna nakala hiyo na kumruhusu mwandishi aikomboe kazi yake. Kinachopotea huwa maneno machache ya mwisho.

Mwaka 2000 Moolenaar aliandika makala kuhusu tabia saba za kuhariri maandishi kwa ufanisi. Hoja yake kuu humfaa hata asiyetumia Vim: mtu ajichunguze ni wapi anapoteza muda, atafute njia ya haraka zaidi ya kufanya jambo hilo moja, kisha aitumie mpaka mkono uzoee kabla ya kutafuta nyingine. Hakutaka mtu akariri amri zote, na alijua kwamba anayejaribu kufanya hivyo huacha baada ya siku mbili.

Kazi ya baadaye na mabishano

Kuanzia Julai 2006 hadi Septemba 2021 Moolenaar aliajiriwa na Google katika ofisi ya Zürich, Uswisi, akaruhusiwa kutumia sehemu ya muda wake wa kazi kuitunza Vim. Mwaka 2008 alipewa tuzo ya NLUUG, chama cha watumiaji wa Unix nchini Uholanzi.

Usimamizi wake ulikuwa wa mtu mmoja. Watu mamia walituma marekebisho, lakini yeye ndiye aliyeyapitia, kuyapa namba na kuyaingiza. Njia hiyo iliilinda programu isivurugike, na mtu aliyejifunza Vim miaka ya 1990 bado anaifahamu. Ubaya wake ni kwamba mapendekezo makubwa yalisubiri muda mrefu au yalikataliwa. Mwaka 2014 Thiago de Arruda wa Brazil, baada ya marekebisho yake ya kuwezesha kazi kadhaa kwenda kwa wakati mmoja kutokubaliwa, alianzisha tawi jipya liitwalo Neovim, nalo likavuta waandishi wengi wa programu. Miaka miwili baadaye Vim 8.0 ilitoka ikiwa na uwezo wa kuendesha kazi za pembeni bila kumsimamisha mwandishi. Ni vigumu kuona kwamba ushindani haukuchangia. Juni 2022 lilifuata toleo la 9.0 lenye lugha mpya ya kuandikia programu-jalizi, iliyo na kasi kubwa kuliko ile ya zamani. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya mwisho aliyoimaliza.

Kifo na urithi

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023 akiwa na umri wa miaka 62. Familia yake ilitangaza kwamba alikuwa na maradhi yaliyomzidia kwa haraka katika wiki zake za mwisho.

Swali lililoulizwa mara moja lilikuwa kama programu iliyotegemea mtu mmoja kwa miaka 30 ingeendelea. Christian Brabandt, Mjerumani aliyekuwa mchangiaji wa miaka mingi, alichukua usimamizi pamoja na wenzake, na kazi ya kupokea marekebisho iligawanywa kati ya watu kadhaa. Tarehe 2 Januari 2024 walitoa toleo la 9.1, ambalo waliliweka wakfu kwa kumbukumbu ya mtungaji. Faili la uganda.txt lilibaki ndani yake.